Ukimuuliza mzee wako "hujambo", anakujibu kuhusu nini hasa?

#1 Mwana wa Uwele (mleta mada)

Wakuu, mbukwenyi.

Uzi huu ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite.

Niko Ilazo, Dodoma mjini. Mama yangu yuko kijijini, ukishaipita Mvumi, wilaya ya Chamwino. Umri wake ni miaka sabini na kitu, maana kwao miaka ilihesabiwa kwa njaa, si kwa kalenda. Bibi aliyemzaa alizaliwa wakati wa Mtunya, ile njaa iliyowamaliza Wagogo vita ya kwanza ya dunia ikielekea mwisho. Hilo mliweke akilini, nitalirudia.

Kila Jumapili jioni nampigia simu. "Shikamoo mama." "Marahaba baba, hamjambo huko?" "Hatujambo. Wewe je?" "Mimi sijambo, huku wote wazima. Mvua tu ndiyo inatuchezea." Nikikata simu roho inakuwa nyeupe, naendelea na mambo yangu. Miaka mitatu hivyo.

Januari hii nikaenda kwa msiba wa shangazi. Mama akatoka nje kunipokea, akanijua kwa sauti. Akanimiminia chai, nikaona ameingiza kidole kikombeni ili ajue imefika wapi. Nikajifanya sijaona. Asubuhi nikazunguka: shamba la mbali halijaguswa, amelima lile la nyuma ya nyumba tu, na mistari ya uwele inakwenda kama nyoka aliyelewa. Mama niliyemjua mimi ukipinda mstari alikuwa anakurudisha mwanzo.

Nikamuuliza, mama, huoni? "Naona. Ukungu kidogo tu."

Ukungu kidogo! Tulipofika kwa wataalamu, ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Wakampima na presha kwa kuwa ni utaratibu: 190 kwa 110. Wakapima tena baada ya kupumzika, hivyo hivyo.

Njiani nilikuwa na hasira, nikamwambia kwa nini hukusema unaumwa? Akanishangaa kweli, wala hakuwa anajitetea: "Nani anaumwa? Mgonjwa si analala."

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri. Mama hakunidanganya hata Jumapili moja. Kwake mgonjwa ni mtu aliyelala ndani, ameshindwa kula, watu wanakuja kumjulia hali na kuacha kuku. Mwenye kuamka, kuwasha moto na kufagia uwanja ni mzima. Macho kuwa na ukungu, magoti kuuma, kichwa kugonga alfajiri, hayo yote anayaweka kwenye fungu moja linaitwa uzee, na uzee hauna zahanati. Halafu rudi kwenye Mtunya. Mtu aliyelelewa na mtoto wa njaa ile, akipata ugali na mlenda mara mbili kwa siku, ataanzaje kusema hali yake mbaya?

Na lugha yenyewe haimsaidii. Ukimuuliza mtu "hujambo?", umeshamwekea jibu mdomoni. Atakuambia sijambo hata kama kuna jambo. Habari njema ndiyo inatangulia, na baya linapita kwa mlango wa uani baada ya neno "ila": sijambo, ila mguu. Mimi miaka mitatu nilikuwa nakata simu kabla ya "ila".

Kuna zahanati aliwahi kwenda mwaka jana, jina silitaji. Aliulizwa anaumwa nini, akasema kichwa, akapewa vidonge vya maumivu akarudi. Presha hakupimwa, kipimo hakikuwa na betri. Hilo nalo liliniuma, lakini sikuja kwa hilo.

Nauliza: wazee wenu wakisema wazima, wanamaanisha nini? Na nyie mliwezaje kujua?

#2 Mkaa Kijiweni

Pole sana mkuu. Hicho kidole kikombeni kimenikata maini. Nimekaa pembeni, nafuatilia.

#3 Nesi wa Zamu

Mleta mada, mimi niko upande wa pili wa hiyo meza, mwaka wa 14 sasa, vituo viwili tofauti vya mkoa huu. Niseme tu.

Mzee akiingia namwamkia, anaitikia, ananiuliza habari za watoto, anauliza kwetu mvua imenyesha? Nyuma yake kuna watu arobaini. Nikimkatisha, "mzee unaumwa nini", basi nimeshamfunga mdomo. Atanitajia kitu chepesi, kichwa au kiuno. Lile lililomtoa nyumbani atalisema akiwa ameshasimama, fimbo mkononi, ameshika mlango: "Halafu mwanangu, na huu mkojo…" Nimejifunza kumngojea hapo mlangoni. Ugonjwa uko hapo.

Na akija amesindikizwa na mke wa mwanawe, sahau. Mwanaume wa huku hawezi kusema habari za mkojo mbele ya mkwe. Tezi dume ngapi tumezipata zimeshachelewa kwa sababu msindikizaji alikuwa ni mkamwana mwenye heshima zake, amekaa pale anasaidia kujibu maswali! Namtuma kadi dirishani, nabaki na mzee.

Presha ndiyo mtihani mkubwa. Ikifika 140 kwa 90 na kuendelea, vipimo vya siku tofauti, tunasema ipo. Lakini wengi haiwaumi popote. Sasa utamwelezaje mtu ambaye kwake ugonjwa ni maumivu? Namwambia dawa hizi ni za kila siku, usiache. Miezi mitatu baadaye anarudi amefurahi: "Nilipona, nikaziweka." Ameziweka kwenye kopo, kwa ajili ya siku atakayoumwa. Ukimcheka umekosea. Huyo amekulia kwenye ghala la mtama. Kwao kitu cha maana hakimalizwi, kinawekwa akiba.

Swali ninalotumia mimi si "unaumwa?" Nauliza: mwaka huu umeacha kufanya nini ulichokuwa unafanya mwaka jana? Hapo wanafunguka. Nimeacha kwenda kanisani, kilima kimekuwa kirefu. Nimeacha kushona, uzi hauingii. Nimeacha kunywa maji jioni. (Huyo wa maji mfuatilie, ana sababu.)

Kingine cha kuchekesha. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema mzee ni miaka 60 na kuendelea, na tuna dirisha la wazee. Muone baba wa miaka 63, ana mtoto darasa la pili. Mwambie "baba njoo huku kwa wazee". Anageuka nyuma kuangalia nani anaitwa.

#4 Zege Halilali

Mimi sikubaliani na uzi. Mnawatia wazee ugonjwa. Babu yangu alikufa ana miaka 90 na ushee hajawahi kuona daktari, chakula chake ugali wa uwele, mlenda, maziwa ya mgando. Presha na sukari vimekuja na chipsi na hawa wahamiaji wa serikali tangu 2016. Mzee akisema mzima, ni mzima. Ukimpima ndiyo anaanza kuumwa.

#5 Nesi wa Zamu

@Zege Halilali, kwenye chipsi uko sahihi. Kwenye babu, ulimwona yeye kwa sababu alibaki. Wenzake wa rika lake waliondokaje? Waulize wazee wa kijiji watakwambia: fulani alitoka shambani mzima kabisa, akaanguka, mdomo ukaenda upande, siku ya tatu akafa. Wakasema katupiwa kitu. Jirani akahamishwa kijiji. Mashine ya presha haikuwepo, kwa hiyo presha nayo haikuwepo.

Ila umegusa jambo moja la kweli. Wapo wanaoanza kuugua siku ya kupimwa. Alikuja anatembea vizuri, nimemwambia namba yake, kesho yake amelala, watu wamejaa uwanjani. Ameambiwa ni mgonjwa, na mgonjwa analala. Ni yale yale ya mama wa mleta mada, tumeingilia mlango wa pili tu.

#6 Msukuma wa Area C

Hapo kwenye macho, nitasema la kwetu ambalo halisemwi kwa sauti.

Kwetu Shinyanga bibi mwenye macho mekundu alikuwa anaogopa kwenda hata kisimani. Wote tunajua kwa nini. Vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, na macho yenyewe yameiva kwa moshi wa kuni na samadi ya ng'ombe, miaka hamsini mtu anapuliza moto. Sasa bibi wa namna hiyo utamuuliza "macho yanakusumbua?" akujibu ndiyo? Atakwambia yako salama na kitenge atakivuta hadi kwenye nyusi. Kujitaja mgonjwa wa macho kwake ni kujitaja kwa mauaji. Nyumbani bibi yangu alikuwa anasema ni vumbi. Vumbi la miaka kumi na mitano.

Nimekuja Dodoma nimekuta kingine. Mama mwenye nyumba wangu wa zamani, Mgogo, ana kibano kidogo kwenye pindo la khanga. Anang'oa kope. Nikadhani ni urembo! Kumbe ni vikope. Kovu la ndani ya kigubiko cha jicho linakunja kope zinageukia ndani, zinakwaruza mboni kila anapopepesa. Kongwa hapo watafiti wa vikope wapo tangu miaka ya 1980, na upasuaji wa kurudisha kope ni mdogo tu, lakini yeye alishajizoeza. Mama yake alikuwa na kibano, shangazi zake wana vibano. Kitu kikiwa na kila mwanamke wa ukoo mnakiita nini? Mnakiita ukubwa.

#7 Kijana wa Chimwaga

Nasoma hapa Chuo Kikuu cha Dodoma, mambo ya jamii. Hili lina mjadala wake mkubwa. Amartya Sen, yule mchumi wa India aliyepata Nobel mwaka 1998, aliandika mwaka 2002 kwenye jarida la madaktari wa Uingereza akilinganisha majimbo mawili ya kwao. Kerala watu wanaishi muda mrefu, wamesoma, hospitali zipo, na ndiyo wanaongoza kwa kusema wanaumwa. Bihar ni maskini, wanakufa mapema, na wanasema hawaumwi sana. Marekani wanalalamika kuliko hata Kerala. Kwa hiyo ukihesabu afya kwa kuuliza watu tu, Bihar itaonekana ndiyo ina afya njema.

Ila upande wa pili: mwaka 1997 Idler na Benyamini walikusanya tafiti 27 ambazo watu waliulizwa swali moja, afya yako kwa jumla ikoje. Karibu zote zilionyesha wanaojibu "mbaya" hufa mapema zaidi ya wanaojibu "nzuri", hata ukishaondoa magonjwa anayoyajua daktari. Maana yake mzee anajua kitu. Kazi ni kwamba ameshapima kwa mizani yake na wewe unaisoma kwa yako.

#8 Zege Halilali

Bihar na Kerala ziko wilaya gani, Bahi au Chemba? 😂 Haya endeleeni.

#9 Mrangi Asilia

Kondoa hapa. Baba yangu ukimuuliza hali, jibu ni moja, Alhamdulillah. Mvua ikinyesha Alhamdulillah, ng'ombe akifa Alhamdulillah. Kwake kulalamika ni kumkosoa Aliyekupa. Nimeona hata kwa Wakristo, "namshukuru Mungu nimeamka". Imani hiyo imembeba kwenye mengi, siwezi kuidharau. Lakini ilificha sukari.

Sisimizi walikuwa wanajaa pale anapokojoa, sisi watoto tunaona. Miguu ikaanza ganzi, akasema ni baridi yabisi. Na kipindi chote hicho mtaani wanamsifia, mzee umenawiri, mwili huo! Kwetu mwili mkubwa ni heshima ya watoto wako, watu wanajua unatunzwa. Alipoanza dawa na kupunguza wanga akapungua kilo kadhaa, hapo ndipo watu wakaanza kuja kutupa pole na kuninong'oneza kama mzee "ameathirika". Akaacha kufuata masharti ya chakula akarudi kwenye mwili wake. Nilishindana na mtaa mzima, nikashindwa. Kidole gumba cha mguu kilikatwa. Siku ya kumtoa wodini nikamuuliza hali. Mnajua jibu.

#10 Mama Watatu

Kaka zangu mmesema ya wanaoficha. Wa kwangu ni kinyume.

Mama yangu yuko Mpwapwa, anaumwa kila mwisho wa mwezi. Kifua, mgongo, kizunguzungu, moyo unakwenda mbio. Nimempeleka mara nne, vipimo safi. Daktari mmoja akaniambia kwa kejeli mama yako hana kitu. Nikakasirika naye, halafu nikamkasirikia mama. Siku moja nikaamua kwenda bila kuitwa, katikati ya mwezi, nikalala siku tatu tunabangua karanga. Hakuumwa hata kucha. Alicheka hadi majirani wakaja kuona kuna nini.

Sasa je, mama ni mwongo? Mimi nasema anaumwa kweli. Ana mawazo. Anaishi na wajukuu wawili aliowaachia marehemu kaka, usiku anawaza nikifa hawa wanakwenda wapi. Hilo ukilipeleka zahanati halina jina, moyo kwenda mbio una jina. Na amejifunza kwamba akisema "nimewakumbuka" tunatuma hela, akisema "kifua" tunapanda basi.

Na wanaoficha, wengi wanaficha kwa ajili ya tarehe. Mama wa mleta mada anajua mshahara uko lini. Anajua ada ya Januari. "Sijambo" ya Januari na "sijambo" ya Julai si moja.

#11 Mkaa Kijiweni

Kwa hiyo dawa ni kupiga simu ya video? Bibi yangu nikipiga naona paji la uso tu na bati.

#12 Mwana wa Uwele

@Mama Watatu umenipiga penyewe. Mwezi wa kwanza nililipa ada ya watoto wawili na nilimwambia kwenye simu, nikilalamika kama kawaida yangu. Mimi ndiye niliyempa sababu ya kunyamaza.

#13 Mstaafu wa Makole

Wanangu, hamjambo. Mimi ndiye mnayemjadili. Nina miaka 71, nilifundisha shule za msingi miaka 35. Mjukuu wangu ndiye aliyenionyesha uzi huu, nami nimeazima miwani nikausoma wote.

Mmesema mengi ya kweli. Moja mmeliruka. Nikisema naumwa, mnaleta gari. Mnanichukua mnanipeleka kwenye nyumba yenye geti, sebule ina kochi na luninga, mchana kutwa hakuna mtu, msichana wa kazi ananiuliza "babu utakula nini?" kama mgeni. Nilikaa kwa mwanangu Dar es Salaam wiki sita. Nililishwa vizuri, nikapimwa kila kitu, nikapewa dawa zote. Nikazeeka miaka kumi. Hapa Makole nina kibaraza, nina bao, nina mtu wa kubishana naye habari za Bunge. Magoti yananiuma sana, wala sifichi kwa wenzangu. Kila asubuhi tukikutana tunayataja maradhi yetu moja baada ya jingine kwa kicheko, mwenye mengi ndiye anakunywa kahawa ya bure. Mtoto wa mmoja wetu akitokea, tunanyamaza. Wote ghafla wazima.

Kwa hiyo ukitaka kujua hali yangu usiniulize mimi. Kaa na mwenzangu wa bao. Na kwanza uniahidi kwamba hunihamishi.

#14 Nesi wa Zamu

Shikamoo mwalimu. Hili la mwisho naliandika ubaoni.

#15 Mwana wa Uwele

Shikamoo mwalimu. Nilikuwa nimeshaanza kupiga bei ya kumjengea mama chumba huku Ilazo. Nimesimama kwanza.

Taarifa kwa walioulizia inboksi: jicho la kwanza limefanyiwa upasuaji Mvumi, la pili linafuata. Lile lenzi lililoingia ukungu linatolewa wanaweka la bandia, na kazi yenyewe ilikuwa fupi kuliko foleni yake. Dawa za presha tumezifunga na kazi ambayo haachi: anameza akiwasha moto wa asubuhi. Kopo la akiba nimelikagua, lilikuwa na vidonge kumi na moja. Tumeanza upya. Na nimepata mwenzake wa bao, jirani yake wanayepiga naye muheme kwenye ngoma za kijiji. Huyo namwamkia kwanza kila Jumapili, ndipo nampigia mama. Kaniambia mambo ambayo mama hajayasema tangu 2019.

Siku bandeji ilipofunguliwa mama alianza kunitazama, akachelewa kidogo. Nikadhani atalia. Akasema, "Baba, kumbe na wewe una mvi. Na macho yamevimba hivyo, hulali? Presha wewe umepima?"

Nikamwambia mama, mimi sijambo.

#16 Nesi wa Zamu

Kesho asubuhi saa mbili, kabla ya chai na kabla ya sigara kama unavuta. Kaa umetulia dakika tano ndipo wakupime. Namba uilete hapa hapa kwenye uzi.